Bucyrus: kampuni ya ekskaveta iliyobebeshwa deni mara mbili

Kisa na sababu ya kukiandika

Bucyrus ilikuwa kampuni ya Marekani ya ekskaveta kubwa za migodini, iliyoanzishwa mwaka 1880 na kumezwa na kampuni ya mitambo ya Caterpillar mwaka 2011. Kampuni yenyewe nimeitaja kwa sababu historia yake iko wazi kwenye kumbukumbu za umma. Majina ya wakurugenzi, mawakili na wakopeshaji nimeyaondoa. Anayesoma kisa hiki ili ajifunze anahitaji kujua walikaa nafasi gani, waliamua nini na walikuwa wanaona nini wakati huo.

Nimekichagua kwa ajili ya wanaosomea biashara, uhasibu na uhandisi wa migodi, kwa sababu kinavunja dhana moja iliyozoeleka: kwamba kampuni ikifilisika lazima bidhaa zake zilikuwa mbovu au wateja walikuwa wameikimbia. Bucyrus ilifika mahakamani mwaka 1994 mashine zake zikiwa bado zinachimba kila siku katika nchi nyingi, na wateja wake bado wanaihitaji. Kilichoiangusha kilikuwa kwenye vitabu vya hesabu, na kilichoiokoa kilikuwa kwenye karakana.

Usuli: kutoka reli hadi Panama hadi makaa ya mawe

Kampuni ilianzia katika mji mdogo wa Bucyrus, jimbo la Ohio, ikiwa kiwanda cha kuyeyusha na kumimina chuma kilichoungwa mkono na wenye mitaji wa mambo ya reli. Mwaka 1882 iliunda ekskaveta yake ya kwanza ya mvuke, na mteja alikuwa kampuni ya reli ya Northern Pacific. Mwaka 1893 ikahamia South Milwaukee, Wisconsin, kando ya Ziwa Michigan. Huko ndiko ilikokaa zaidi ya karne nzima, na mji ukakua kuizunguka.

Jina lake lilienea duniani kupitia Mfereji wa Panama. Katika ekskaveta za mvuke 102 zilizonunuliwa na Wamarekani kwa kazi ile, 77 zilitoka Bucyrus, na karibu zote zilizobaki zilitoka kwa mshindani wake, Marion, kampuni nyingine ya Ohio. Rais Theodore Roosevelt alipotembelea Panama mwezi Novemba 1906, alipigwa picha ameketi kwenye kiti cha dereva wa ekskaveta ya Bucyrus ya tani 95. Picha ile ilikuwa tangazo ambalo hakuna kampuni ingeweza kulilipia.

Mwaka 1927 iliungana na kampuni ya Erie ya Pennsylvania, ikawa Bucyrus-Erie. Mwaka 1930 ikaanzisha ubia na Waingereza katika mji wa Lincoln, kwa jina la Ruston-Bucyrus. Miongo hiyo ilikuwa ikiuza mashine ndogo za ujenzi na kubwa za migodi kwa pamoja, na mseto huo ulikuwa na faida yake: barabara na majengo yakipoa, migodi huenda imechangamka.

Baada ya vita vya pili vya dunia, hamu ya makaa ya mawe ya bei nafuu kwa vituo vya umeme ilileta mashine ambazo hadi leo zinashangaza. Big Brutus, ekskaveta ya umeme aina ya 1850-B, ilianza kazi Kansas mwaka 1963. Ilisafirishwa vipande vipande kwenye mabehewa 150 ya treni, na mafundi 52 walitumia miezi 11 kuiunganisha palepale mgodini. Ina urefu wa mita 49 hivi na uzito wa karibu tani 5,000. Ilifanya kazi miaka 11 tu, ikazimwa mwaka 1974, na sasa ni makumbusho. Big Muskie ya Ohio, iliyoanza mwaka 1969, ilikuwa kubwa zaidi. Hii ilikuwa draglaini, yaani mashine inayotupa ndoo mbele kwa kamba na kuiburuta kurudi. Ndoo yake ilimeza yadi za ujazo 220, karibu mita za ujazo 170, kwa mkupuo mmoja. Ilizimwa mwaka 1991 na kukatwakatwa kuwa chuma chakavu mwaka 1999. Ikabaki ndoo peke yake, ambayo leo imewekwa katika bustani ya kumbukumbu ya wachimbaji karibu na McConnelsville.

Majitu hayo mawili yanavuta macho, na waandishi wengi huishia kwao. Kwa kisa hiki yana funzo moja: kila mashine ya namna ile iliagizwa na mteja mmoja, kwa mgodi mmoja, kwa hesabu ya bei ya makaa ya wakati huo. Hesabu ikibadilika, hakuna pa kuihamishia.

Mashine inavyofanya kazi, na pesa inavyopatikana

Lazima tukae hapa kidogo, maana bila kuelewa mashine yenyewe maamuzi yaliyofuata hayataeleweka.

Ekskaveta ya kamba, ambayo ndiyo iliyokuwa moyo wa Bucyrus, si ile ya haidroliki tunayoiona barabarani. Ina bumu nene la chuma lililoinuka mbele, na fimbo ya ndoo iliyoshikizwa katikati yake. Kamba za waya nene zinapita juu ya magurudumu kwenye ncha ya bumu na kurudi hadi kwenye ngoma iliyo ndani ya chumba cha mashine. Mota za umeme zinazungusha ngoma, kamba zinavuta ndoo kwenda juu, na fimbo inaisukuma ndoo ndani ya mwamba uliolipuliwa. Umeme wenyewe unafika kwa kebo nene inayolazwa chini mgodini. Modeli ya 495, iliyokuja kuwa fahari ya kampuni, ina uzito unaozidi tani 1,300. Inachota zaidi ya tani 100 kwa ndoo moja, na inajaza lori kubwa kuliko yote migodini kwa ndoo tatu au nne.

Sasa fikiria imesimama. Jino la ndoo limeng'oka, au gia ya kuzungusha imepasuka, au kamba imekatika nyuzi. Malori yote yaliyopangiwa ekskaveta ile yanapanga foleni injini zikiunguruma, madereva wanakaa, kiwanda cha kusaga mawe kinaanza kukosa mzigo. Aliyewahi kufanya kazi kwenye mgodi wa wazi, iwe Geita au Kolwezi, anajua presha ya zamu ya namna hiyo. Meneja wa mgodi haulizi kwanza spea ni bei gani. Anauliza inafika lini.

Mashine hizi zinaishi miaka 30, wakati mwingine 40. Katika maisha yake yote, vipuri na matengenezo ambayo mteja ananunua kwa kawaida vinazidi bei ya mashine yenyewe ilipokuwa mpya. Kwa hiyo mtengenezaji ana mifereji miwili ya mapato. Wa kwanza ni mashine mpya: fedha nyingi kwa mara moja, oda chache, na zote zinategemea bei ya shaba, chuma na makaa. Bei zikishuka, wachimbaji wanaahirisha, na kiwanda kinaweza kukaa muda mrefu bila oda ya draglaini hata moja. Wa pili ni spea na huduma. Huo haukauki, kwa sababu mgodi unaobana matumizi unaiendesha mashine yake ya zamani kwa muda mrefu zaidi, na mashine ya zamani inakula spea.

Kwa maoni yangu mali kubwa ya Bucyrus haikuwa majengo ya South Milwaukee wala michoro ya wahandisi. Ilikuwa orodha ya mashine zake zilizotapakaa migodini duniani, kila moja ikiwa mteja wa miongo kadhaa.

Yaliyotokea, hatua kwa hatua

*Miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980.* Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973, Marekani iligeukia makaa yake, na oda za draglaini na ekskaveta zikafurika. Kampuni ikapanua uwezo wake kulingana na wimbi hilo. Mwaka 1981, ikiwa bado na nguvu, ikanunua Western Gear, kampuni ya gia na vifaa vya ndege. Sababu ilieleweka: kupata biashara isiyofuata mizunguko ya migodi. Muda mfupi baadaye wimbi likageuka. Bei ya mafuta ikaanza kushuka, miradi ya makaa ikafutwa, uchumi wa Marekani ukaingia kwenye mdororo, na mapato ya mashine mpya yakaporomoka.

Mwaka 1985 kampuni ilibadili jina kuwa Becor Western, ikauza kitengo chake cha mashine za ujenzi kwa kampuni ya Northwest Engineering. Uamuzi huu ulipita bila kelele, lakini uliondoa ule mseto niliousema. Mwaka 1987 ikauza pia biashara ya vifaa vya ndege. Iliyobaki ilikuwa kampuni ya migodi tupu.

*1988: ununuzi wa kwanza kwa deni.* Mwezi Februari 1988 kampuni ilinunuliwa na kundi la wawekezaji wakishirikiana na baadhi ya viongozi wake. Utaratibu uliotumika ulikuwa umeshamiri sana Marekani miaka ile: mnunuzi anaweka fedha kidogo ya mfukoni, nyingi anakopa, na mkopo unaandikwa juu ya kampuni inayonunuliwa. Wanahisa wa zamani wanalipwa na kuondoka. Kampuni inabaki na deni.

Kwa nini walikubali? Kwa wanahisa lilikuwa jambo jepesi: hisa zilikuwa zimelala, na mtu ameleta malipo. Kwa wanunuzi, hesabu haikuwa ya kipumbavu pia. Soko lilikuwa limeshuka sana tangu 1982, na mtu anayenunua bondeni anatarajia kupanda. Mfereji wa spea ulileta fedha kila mwezi, na fedha za kila mwezi ndizo mkopeshaji anazopenda kuziona. Wakauhesabu mfereji ule kama mdhamini wa deni.

*1988 hadi 1994.* Soko halikupanda kama walivyotarajia. Spea ziliendelea kuuzwa, lakini fedha zake sasa zilikuwa na kazi tatu kwa wakati mmoja: kuendesha kiwanda, kulipa riba, na kugharamia usanifu wa mashine mpya ili kampuni isiachwe nyuma na P&H, mshindani aliyekuwa mwendo mfupi wa gari, huko huko Milwaukee. Hazikutosha. Mwaka 1992 mfuko mmoja wa uwekezaji unaojihusisha na kampuni zenye matatizo uliingia na kuikopesha, ukachukua mali ya kampuni kama dhamana. Kumbuka hatua hiyo, maana itarudi. Mkopeshaji mwingine mkubwa, kampuni ya bima ya maisha, alikuwa anashikilia hati za deni zisizo na dhamana.

*1994: mahakamani.* Tarehe 18 Februari 1994 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama chini ya Sura ya 11 ya sheria ya ufilisi ya Marekani. Sheria hiyo haiifungi kampuni. Inawazuia wadai kuikamata mali yake wakati mpango mpya wa malipo unaandaliwa. Mzozo mkali ulizuka kati ya kampuni ya bima na mfuko wa uwekezaji: nani alipwe kwanza, na je, dhamana ya mwaka 1992 ilikuwa halali? Tarehe 14 Desemba mwaka huo huo kampuni ilitoka. Sehemu kubwa ya madeni iligeuzwa kuwa hisa, na kampuni ya bima ikawa mwenye hisa mkubwa kuliko wote. Wenye hisa wa zamani waliondolewa.

*Suala la wakili.* Hapa pana jambo linalofundishwa hadi leo katika vyuo vya sheria Marekani. Wakili kiongozi aliyeiwakilisha Bucyrus mahakamani alitakiwa kueleza kwa kiapo uhusiano wowote wa ofisi yake na wadai. Hakusema kwamba ofisi ile ile ilikuwa pia ikiwawakilisha watu wa ule mfuko wenye dhamana katika mambo mengine. Ukweli ulijulikana baadaye. Mwaka 1998 alitiwa hatiani na mahakama ya shirikisho huko Milwaukee, akahukumiwa kifungo cha miezi 15 na faini ya dola 15,000. Ofisi yake ilirudisha ada ya zaidi ya dola milioni 1.8. Mpango wa 1994 ulikuwa umeshatekelezwa, lakini wadai walibaki na swali halali: wakati kampuni ilipopaswa kuhoji dhamana ile, wakili wake alikuwa anasimama upande wa nani?

*1997: mshindani ananunuliwa, deni linarudi.* Mwezi Agosti 1997 Bucyrus ilinunua Marion kwa takriban dola milioni 40. Hii ilikuwa kampuni iliyoshindana nayo tangu enzi za Panama, na ndiyo iliyounda magari ya kubeba roketi za NASA kwenda kwenye jukwaa la kurushia. Mwezi uliofuata, Bucyrus yenyewe ikanunuliwa na kampuni ya uwekezaji binafsi, na kwa ajili hiyo zikatolewa hati fungani za dola milioni 150 zenye riba ya asilimia 9.75. Riba peke yake ilikuwa karibu dola milioni 14.6 kwa mwaka, iwe shaba imepanda au imelala. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu itoke mahakamani.

*1998 hadi 2003.* Mgogoro wa fedha wa Asia ulikuwa umeshaanza hati zile zilipouzwa. Bei za madini zikashuka na kubaki chini. Mwishoni mwa 2001 shaba ilikuwa chini ya dola 1,500 kwa tani. Dalili zote za 1994 zilirudi. Tofauti ilikuwa moja, na ilikuwa kubwa: mmiliki mwenyewe alizinunua hati fungani hizo kwa kiasi cha karibu nusu, kisha akakubali riba yake iahirishwe. Hivyo mdai mkubwa na mwenye kampuni wakawa mtu mmoja, na hakuna aliyekimbilia mahakamani.

*2004 hadi 2011.* China ilianza kununua chuma, shaba na makaa kwa kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana. Mwezi Julai 2004 Bucyrus iliuza hisa kwa umma kwa dola 18 kila moja, na fedha hizo zikatumika kuliondoa deni la 1997. Mauzo yaliyokuwa takribani dola milioni 340 mwaka 2003 yalizidi bilioni 2.6 mwaka 2009. Mwaka 2007 ilinunua kampuni ya Ujerumani ya mitambo ya migodi ya chini ya ardhi, DBT, kwa takriban dola milioni 730. Mwanzoni mwa 2010 ikanunua kitengo cha migodi cha Terex, pamoja na kiwanda cha Dortmund kinachotengeneza ekskaveta kubwa za haidroliki. Terex ni jina ambalo Northwest Engineering ilikuja kulichukua, ile ile iliyonunua mashine zake za ujenzi mwaka 1985.

Tarehe 15 Novemba 2010 Caterpillar ilitangaza kuinunua kwa dola 92 kwa hisa, jumla ya dola bilioni 8.6 ukihesabu na madeni. Ununuzi ulikamilika tarehe 8 Julai 2011.

Matokeo

Aliyenunua hisa moja mwaka 2004 kwa dola 18 alikuwa na hisa tatu kufikia 2010, kwa sababu hisa ziligawanywa mara mbili. Kwa hiyo kila dola yake moja ilirudi zaidi ya 15. Mwezi Februari 2011 shaba ilikuwa imevuka dola 10,000 kwa tani. Bodi ya Bucyrus iliuza karibu na kilele, na kwa wanahisa sidhani kama kulikuwa na siku nzuri zaidi.

Caterpillar nayo ilinunua karibu na kilele hicho hicho. Kuanzia 2012 wachimbaji walikata bajeti, na kufikia 2013 mamia ya wafanyakazi wa South Milwaukee walikuwa wamepunguzwa kazini. Jina Bucyrus liliondolewa kwenye mashine, 495 ikawa Cat 7495. Mwaka 2016 Caterpillar ilitangaza kwamba makao ya kitengo chake cha migodi yangekuwa Tucson, Arizona. Mji uliokuwa umekaa na kiwanda tangu 1893 ulipoteza sehemu kubwa ya sababu ya kuwepo kwake, na hakuna mkazi wake aliyepiga kura katika uamuzi wowote kati ya hivi.

Uchambuzi

Nianze na 1988, kwa sababu ndiko kosa lilikozaliwa. Wanunuzi waliona vizuri kwamba mapato ya spea ni imara. Walichokosea ni kuyahesabu kana kwamba yako huru. Fedha za spea katika kampuni ya aina hii zina mwenyewe tayari: ndizo zinazolipa wahandisi na wafua chuma katika miaka ambayo hakuna oda ya mashine mpya. Ukizichukua kulipa riba, unakuwa umekula akiba ya miaka ya njaa ukiwa bado ndani ya miaka hiyo. Mkopo ule ungeweza kuhimilika katika kampuni inayouza sabuni au unga, ambayo mwaka wake mbaya unapungua asilimia chache. Katika kampuni ambayo bidhaa yake kuu inaweza kukosa mnunuzi kwa muda mrefu, swali la mkopeshaji halipaswi kuwa wastani wa mapato ni kiasi gani. Linapaswa kuwa: mwaka mbaya kuliko yote, ukifuatiwa na mwingine kama huo, kitabaki nini?

Naona pia kwamba mlolongo wa 1981 hadi 1987 haujapewa uzito wake katika simulizi nyingi. Wazo la kutafuta biashara isiyofuata migodi lilikuwa sahihi. Utekelezaji ndio ulioharibu. Kampuni ilinunua biashara ya ndege, ambayo haikuijua, ikauza ya mashine za ujenzi, ambayo iliijua kwa miaka mia moja, kisha ikaiuza na ile ya ndege. Mwisho wa safari ilikuwa na mfereji mmoja tu wa soko, na hapo hapo ikabebeshwa deni. Kila hatua ikitazamwa peke yake ina mantiki. Zikiwekwa pamoja zinaonyesha kampuni iliyokuwa inavua nguo ikielekea kwenye baridi.

Kuhusu 1994, utaratibu wa mahakama ulifanya kazi iliyokusudiwa: kiwanda hakikufungwa, wateja waliendelea kupata spea, na muda wa miezi kumi si mrefu kwa kesi yenye mzozo kama ule. Kilichoshindwa ni imani. Mgongano wa maslahi wa wakili haukuhitaji ujanja mkubwa kuuzuia. Ulihitaji aya moja kwenye hati ya kiapo. Kwa wanaosomea sheria na uhasibu ningependa walitazame hili bila kulichukulia kuwa kisa cha mtu mmoja mwovu. Kampuni inapofilisika, watu wachache wenye ujuzi huo huzunguka kwenye kesi zilezile, na ofisi moja kubwa huwa na uhusiano na karibu kila anayekaa mezani. Ndiyo maana sheria inataka uhusiano utajwe hata pale mhusika anapoamini hauna madhara.

Ununuzi wa Marion, kwa maoni yangu, ndio uamuzi bora zaidi katika kisa kizima, na haukupata sifa kwa sababu ulifunikwa na deni lililofuata mwezi mmoja baadaye. Kwa dola milioni 40 hivi Bucyrus haikununua hasa kiwanda. Ilinunua haki ya kuhudumia mashine zote za Marion zilizokuwa bado zinachimba, pamoja na michoro ya kila gia na kila pini iliyomo ndani yake. Ilikuwa bei ndogo kwa miongo ya mauzo ya spea, na ilifanyika miaka kadhaa kabla ya wimbi la China. Ukiitazama pamoja na bei ambayo Caterpillar ililipa soko likiwa juu, unaona nini maana ya kujua wakati katika sekta hii.

Hati fungani za 1997 ni suala gumu zaidi. Watu wengine husema zinathibitisha kwamba hakuna aliyejifunza. Mimi sikubaliani kabisa na kauli hiyo, ingawa kosa lilikuwa lile lile. Mmiliki wa mara hii alifanya jambo ambalo wa 1988 hakulifanya: alirudi sokoni, akazinunua hati za kampuni yake, na akasubiri. Kama nusu ile ya hati ingekuwa mikononi mwa wadai wa nje wenye haraka, sioni jinsi ambavyo kampuni ingefika 2004. Lakini pia hatuwezi kumsifu kupita kiasi, maana kilichomtoa hatimaye kilikuwa mahitaji ya China, ambayo hakuna mtu South Milwaukee aliyeyapanga. Aliyenusurika kwa subira na aliyenusurika kwa bahati wanafanana wakitazamwa kwa mbali, na hapa palikuwa na vyote viwili.

Kuna anayeweza kupinga kwa kutaja jirani yake. Harnischfeger, wenye P&H, walifilisika mwaka 1999, na si kwa sababu ya ekskaveta: waliangushwa na kampuni yao tanzu ya mitambo ya karatasi, iliyoumizwa na mikataba ya Indonesia. Je, hilo halionyeshi kwamba kutawanya biashara ni hatari zaidi? Naona linaonyesha jambo lile lile kwa upande wa pili. Katika kampuni zote mbili, karakana ya ekskaveta na spea zake ilibaki hai na kumpata mnunuzi: ya P&H ikawa sehemu ya Joy Global, na mwaka 2017 ikachukuliwa na Komatsu ya Japani. Kilichoziangusha kilitoka nje ya karakana, kule deni la wanunuzi, huku mradi wa biashara ngeni.

Linabaki suala la mji na wafanyakazi, ambalo hesabu za faida kwa hisa haziligusi. Mwaka 1988 wafua chuma wa South Milwaukee hawakuulizwa, mwaka 1994 hawakuwa na kiti kati ya wadai wakubwa, na mwaka 2010 bei ya dola 92 iliamuliwa bila wao. Ujuzi wao ndio uliofanya gia ya mashine ya mwaka 1975 ipatikane mwaka 2005. Ningeomba wanaotumia kisa hiki darasani wawape wanafunzi zoezi la kuandika upya mkataba wa mwaka mmoja kati ya hiyo mitatu, wafanyakazi wakiwa wamekaa mezani, kisha waone ni kifungu kipi kingebadilika kwanza.